Katherine Grainger: Fedha tatu kabla ya dhahabu

Mbio za makasia za Olimpiki kwa kawaida huwa za mita 2,000. Mpiga makasia huketi akiupa mgongo mwisho wa safari, hivyo anayeongoza huwaona wapinzani wake wote mbele ya macho yake.

Katherine Grainger, mzaliwa wa Glasgow, Scotland, alianza mchezo huu mwaka 1993 akiwa mwanafunzi wa sheria Chuo Kikuu cha Edinburgh. Akapata medali ya fedha katika Olimpiki ya Sydney 2000, fedha tena Athens 2004.

Beijing 2008 ndiyo iliyouma. Yeye na wenzake watatu walikwenda wakiwa mabingwa wa dunia, wakaongoza sehemu kubwa ya mbio, kisha Wachina wakawapita karibu na mwisho. Walipanda jukwaani kupokea fedha wakilia. Wengi wangetundika makasia hapo, na nani angewalaumu?

Grainger alirudi majini. Akaungana na Anna Watkins katika mashua ya watu wawili, na kuanzia 2010 hawakupoteza hata shindano moja. Agosti 2012, kwenye ziwa la Eton Dorney, Uingereza ikashangilia dhahabu yake.

Dhahabu hiyo aliipata huku akiandika tasnifu ya udaktari kuhusu sheria za mauaji, jambo ambalo kwangu linastahili heshima sawa na medali. Baada ya mapumziko ya miaka miwili alirejea, na Rio 2016, akiwa na miaka 40, akachukua fedha nyingine pamoja na Victoria Thornley. Mwaka 2017 akawa mwenyekiti wa UK Sport, taasisi inayogawa fedha za kuwaandaa wanamichezo wa Uingereza.