Uganda: UKIMWI na Ujumbe wa Ubongo

Wasikilizaji, ugonjwa wa UKIMWI ulipoanza kuonekana kwa jirani zetu wa Uganda mwaka 1982, na hapa kwetu mkoani Kagera mwaka 1983, wananchi wa pande zote mbili za mpaka waliutambua kwa kuutazama mwili wa mgonjwa. Waganda waliuita Slim, yaani kukonda. Ndugu zetu wa Kagera waliuita Juliana. Mgonjwa alitazamwa mbavu na mashavu. Ni wachache mno waliofikiria ubongo wake.

Hata hivyo, majumbani yalionekana mambo mengine ya kutatanisha. Mwenye duka aliyekuwa hodari wa hesabu alianza kukosea chenji. Fundi mwepesi wa mkono akawa mzito. Mzee wa nyumba akasahau jambo aliloliagiza mwenyewe asubuhi ile ile. Baadhi ya jamaa walisema amerogwa. Wengine walisema amekata tamaa, au ameingiwa na uvivu. Leo sayansi ina maelezo mengine, na sehemu muhimu ya maelezo hayo imetafutwa mjini Kampala.

Ili kuyaelewa, yatupasa kwanza kujua jinsi ubongo unavyofanya kazi. Kati ya seli moja ya neva na nyingine upo mwanya mdogo mno. Ujumbe unapofika ukingoni, neva humwaga kemikali, nayo huvuka mwanya huo na kupokelewa ng'ambo ya pili. Ujumbe ukishapokelewa, kemikali hiyo huondolewa mara moja, ili njia ibaki wazi kwa ujumbe unaofuata. Kwa hiyo utulivu wa akili hutegemea mambo mawili: kemikali imwagwe kwa kiasi, na iondolewe kwa wakati.

Virusi vya UKIMWI kwa kawaida havizishambulii seli za neva zenyewe. Huingia ubongoni vikiwa vimebebwa na seli za kinga zitokazo katika damu, kisha hukaa humo ndani ya seli za ulinzi. Lakini seli hizo zilizoambukizwa hutoa protini za virusi, na protini hizo ndizo zinazozifikia neva. Mbili zinajulikana sana. Ya kwanza huitwa gp120, ambayo ni sehemu ya gamba la nje la virusi. Ya pili ni Tat, ambayo kazi yake ya asili ni kuhimiza utengenezaji wa virusi vipya.

Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba protini hizi huvuruga glutamati, kemikali kuu inayoziamsha neva. Glutamati humwagwa kupita kiasi, na seli wasaidizi ambazo wajibu wao ni kuiondoa hulegea kazini. Neva inayopokea ujumbe huwa kama mtu anayepigiwa kelele usiku kucha. Kalsiamu hujaa ndani yake, na matawi yake huanza kunyauka. Aidha, Tat huzuia njia ambayo kemikali nyingine, dopamini, hurudishwa katika neva iliyoitoa. Dopamini inahusika na wepesi wa viungo na ari ya kutenda. Mpangilio wake ukivurugika, si ajabu mkono wa fundi ukawa mzito.

Mwaka 2005 wataalamu wa Uganda, wakishirikiana na wenzao wa Marekani wakiongozwa na Dakta Ned Sacktor, walitangaza kipimo chepesi cha kumtambua mgonjwa wa namna hii. Hakihitaji mashine wala elimu ya juu. Mgonjwa hutajiwa maneno manne ayakumbuke. Kisha hugonganisha vidole viwili haraka kwa muda wa sekunde 5, na kufuatisha mwendo wa mkono wa hatua tatu: ngumi, kiganja, ubavu. Mwishoni huulizwa yale maneno manne. Alama kamili ni 12. Anayepata 10 au pungufu huhitaji uchunguzi zaidi. Mwaka 2007 uchunguzi uliofanywa katika kliniki moja mjini Kampala ulionyesha kwamba asilimia 31 ya wagonjwa waliopimwa walikuwa wamepungukiwa akili kwa sababu ya virusi hivyo.

Habari njema ni kwamba dawa za kupunguza makali husaidia. Mwaka 2006 watafiti hao hao walieleza kwamba wagonjwa wa Uganda waliotumia dawa kwa miezi 6 walipata nafuu ya kumbukumbu na ya wepesi wa kutenda. Lakini pana jambo la kuzingatia. Dawa hizo huzuia virusi kuzaana. Haziizuii moja kwa moja seli iliyokwisha kuambukizwa isitoe protini ya Tat. Ndiyo maana upungufu mkubwa wa akili umekuwa adimu kwa wanaotumia dawa, ilhali usahaulifu mdogo mdogo bado unawasumbua baadhi yao.

Basi hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Mgonjwa huambiwa asikose dawa hata siku moja, naye huambiwa hivyo na ubongo wake ukiwa umeguswa na ugonjwa unaosahaulisha. Akisahau, aghalabu hukaripiwa kuwa ni mzembe. Kumkaripia hakumrudishii kumbukumbu. Kinachomfaa ni kupimwa mapema, kuanza dawa mara agunduliwapo, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoagiza mwaka 2015, na kuwa na ndugu wa kumkumbusha saa ya kumeza. Mhudumu wa kliniki naye, baada ya kumpima uzito, hatapoteza muda mwingi akimuuliza pia habari za kumbukumbu yake.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Maradhi haya hayajui mpaka, na maarifa waliyoyapata jirani zetu yanatuhusu sisi pia. Mwenzetu anayesahau si mvivu, wala hakurogwa. Ni mgonjwa, na anastahili kuhudumiwa kama mgonjwa.