Herufi Zilizopewa Jina la Upepo

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo! Sogeeni, watoto. Hadithi ya leo ni ya kweli, na inahusu mwandiko.

Kusini mwa Ufaransa huvuma upepo mkali wa baridi uitwao mistral. Hushuka kupitia bonde la mto Rhône mpaka Bahari ya Mediterania. Huko, katika mji wa Marseille, alizaliwa Roger Excoffon mwaka 1910. Alipokua akawa msanifu wa herufi, akifanya kazi na kiwanda cha Fonderie Olive cha mjini humo.

Enzi hizo herufi za kupigia chapa zilitengenezwa kwa risasi iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Kila herufi ilikuwa na kipande chake. Mpanga chapa alizipanga moja moja mpaka neno likatimia, ndipo zikapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi.

Excoffon alitaka herufi zinazofanana na mwandiko wa mkono wake mwenyewe, ule wa haraka. Hapo ndipo penye fumbo. Mtu anapoandika harakaharaka, herufi zake hushikana. Je, vipande vya risasi vitashikanaje? Fikirini herufi "a". Leo itafuatwa na "n", kesho na "r", keshokutwa na "u". Mkia wake lazima uishie pale pale zinapoanzia hizo zote. Ukipanda kidogo tu, neno linakatika.

Excoffon akatafuta kimo cha kila mkia mpaka herufi ndogo zikaungana. Baadhi akazirefusha juu, nyingine akazishusha chini, na kingo zake hakuzilainisha, ili jicho lione kama brashi imepita sasa hivi. Mwaka 1953 herufi hizo zikatoka, zikaitwa Mistral.

Kompyuta zilipokuja, Mistral nayo ikahamia humo. Kama kompyuta ya shuleni inayo, andikeni "karibu" kwa herufi ndogo, mtaona zinavyopokezana mstari. Kisha andikeni "KARIBU" kwa herufi kubwa tupu. Undugu umekwisha, kila moja imesimama kivyake! Basi herufi kubwa iwe ya kuanzia neno tu.

Mwandiko wa namna hii hupendeza kwenye jina la mgahawa, kadi ya mwaliko, bango la tamasha au jalada la kitabu. Hata jina la filamu Drive ya mwaka 2011 liliandikwa kwa Mistral. Msomaji akiuona huhisi kuna mtu aliyeshika brashi, naye huchangamka. Lakini ukurasa mzima wa mwandiko huo huchosha macho, na maelezo ya dawa yakiandikwa hivyo mgonjwa anaweza kukosea kipimo.

Basi, wanangu, mkitengeneza bango la shule, kichwa cha habari kipeni mwandiko wa brashi, maneno machache tu, kwa ukubwa wa kutosha. Tarehe, saa na mahali viandikeni kwa herufi za kawaida, ili kila mgeni afike kwa wakati.