Namba Inayojikagua Haikagui Dawa

Maswali ya wasomaji kuhusu dawa bandia hayaishi, na mengi yanarudi kwenye zile tarakimu 13 zilizo chini ya mistari myeusi ya pakiti. Uvumi ni kwamba zikianza na 890 dawa imetengenezwa India, 690 China, 616 Kenya; na kwamba simu ikiikubali namba, dawa ni halisi. Yote mawili ni uongo. Tarakimu za mwanzo zinaonyesha tawi la shirika la GS1 lililotoa namba, wala si kiwanda kilipo. Uongo wa pili ndio hatari zaidi, na hesabu inaufichua.

Chukua namba ya mfano, 6161234567890. Tarakimu ya mwisho ni mlinzi wa zile 12 zilizotangulia. Jumlisha ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hivyo: unapata 32. Jumlisha ya pili, ya nne, ya sita na wenzake: 26, kisha zidisha kwa 3, ni 78. Jumla ni 110, ambayo tayari inagawanyika kwa 10, kwa hiyo mlinzi ni 0. Ukikosea tarakimu moja yoyote, hesabu inakataa, kwa sababu tofauti ya 1 hadi 9, hata ikizidishwa kwa 3, kamwe haigawanyiki kwa 10. Ukibadilisha nafasi za tarakimu mbili zilizo jirani, kosa nalo hunaswa, isipokuwa zikiwa zimepishana kwa 5. Sasa itazame 616 yetu: 6 na 1 zimepishana kwa 5! Andika 166 au 661, jumla inakuwa 120, na mlinzi hashtuki.

Lakini hata mlinzi asiye na upofu huo angekagua uandishi tu. Mghushi hakosei kuandika. Ananakili pakiti nzima, na hesabu inakubali. Wapo watakaosema programu bora huitafuta namba kwenye orodha. Itaipata, kwani pakiti zote za bidhaa moja hubeba namba ileile, na nakala pia. Kinachosaidia ni kila pakiti kuwa na namba yake ya pekee, kama Ulaya ilivyolazimisha kwa dawa za kuandikiwa na daktari tangu Februari 2019.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja ya tiba kati ya kumi ni bandia au duni. Basi, kuanzia Iftin mjini Garissa hadi Dadaab, nunua kwenye duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya, soma tarehe ya mwisho ya matumizi, dai risiti. Anayepanga vidonge mezani kwenye jua la Garissa, akikuonyesha simu kuwa ndiyo ushahidi, ni tapeli anayechezea maisha ya watoto. Usinunue kwake.