Jenereta ya gari la kulala haiwaki? Cheki haya kabla ya kumwita fundi

Ndugu zangu wa saiti hapa Thamesmead, najua baadhi yenu mnalala kwenye gari lenye kitanda na jiko ili kukwepa kodi ya chumba. Jenereta ikigoma, fundi anaweza kudai hela ya kufika tu, kabla hajagusa kitu. Hela hiyo ilikuwa ya kutuma nyumbani.

Anza na mafuta. Jenereta nyingi zinazotumia tenki la gari huacha kunyonya petroli ikishuka karibu robo, ili usikwame njiani. Kwa hiyo gari linawaka, jenereta haiwaki. Jaza kwanza. Halafu pima oili, gari likiwa limesimama sawasawa. Oili ikipungua, nyingi hujizima zenyewe.

Kama ililala baridi yote bila kuwashwa, mimi nashuku petroli. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli inavuta maji. Ikikaa miezi inachacha na kuziba kabureta. Toa ya zamani, tia mpya, badilisha na plagi, ni pauni chache tu. Ukibonyeza swichi ukasikia tik-tik, hiyo ni betri.

Kufungua kabureta mwachie fundi, ila akuandikie bei yote kwanza kwa meseji.

Ikishawaka, usilale ikiwa inanguruma. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua mtu usingizini. Kengele ya kuitambua inauzwa madukani. Hiyo usiibanie hela.