Mahame ya Engaruka na Mifereji Yake

Katika nchi yetu, ukitaja mji wa kale uliohamwa na watu wake, jambo la kwanza linalomjia msomaji ni pwani: Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Kaole, Tongoni. Hilo halishangazi. Miji hiyo ina misikiti na makaburi, Kilwa ina tarikh yake iliyoandikwa, na Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 akasimulia aliyoyaona. Ama sisi wa nyanda za kati, Dodoma, Kondoa na Singida, tumezoea kuambiwa kwamba bara haikuwa na historia mpaka misafara ya pembe ilipopita Mpwapwa. Kauli hii ni batili, na dalili ya kuibatilisha haiko mbali. Anayetoka Dodoma akapita Kondoa na Babati, akafika Mto wa Mbu, kisha akaufuata ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Ziwa Natron, ataikuta Engaruka katika wilaya ya Monduli.

Kondoa yenyewe ina michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lakini michoro haituonyeshi nyumba ya mchoraji wala shamba lake. Engaruka inatuonyesha vyote viwili.

Kinachoonekana pale ni hiki. Chini ya ukuta wa bonde kuna mabaki ya vijiji saba vilivyojengwa juu ya mteremko wenye mawe. Kila nyumba ilikaa juu ya kitako kilichochimbwa katika mteremko na kuzuiwa kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila chokaa wala udongo. Chini ya vijiji, kwenye tambarare, yametandazwa majaruba yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe, eneo la kilomita za mraba zipatazo 20. Mifereji iliyojengwa kingo za mawe ilitoa maji katika vijito vinavyoshuka kutoka juu, ikayapitisha kando ya mteremko, kisha ikayagawa shamba kwa shamba. Mtama uliolimwa hapo umepatikana kwa punje zilizoungua, na mifupa inathibitisha kwamba walifuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nchi hiyo ni kame. Bila mfereji hapakuwa na mavuno ya kutegemewa.

Mjerumani Gustav Fischer alipita hapo mwaka 1883, na Hans Reck akayaeleza mabaki hayo mwaka 1913. Louis Leakey alipofanya uchunguzi mwaka 1935 alikadiria wakazi kuwa baina ya 30,000 na 40,000. Hesabu hiyo imenukuliwa katika vitabu vingi, na wengine wakaiita Engaruka jiji lililopotea. Waliokuja baada yake, Hamo Sassoon katika miaka ya 1960 na John Sutton baadaye, walipunguza sana. Hoja yao ni nyepesi kufahamika: kuhesabu vitako vya nyumba si kuhesabu nyumba zilizokaliwa kwa wakati mmoja. Mtu hujenga, nyumba huanguka, mwanawe hujenga pembeni. Baada ya karne tatu mteremko hujaa, hali wakazi wa siku moja ni elfu chache tu. Kauli hii ndiyo yenye nguzo. Na hapa tunaona tabia ambayo hata katika vitabu vyetu vya tarikh ipo, ya idadi kubwa kupendwa kuliko idadi sahihi.

Umri wake umejulikanaje, na hapakuachwa hata herufi moja? Kwa mkaa. Mti ulio hai huvuta hewa yenye kiasi kidogo cha kaboni ya aina ya 14. Ukifa, kaboni hiyo hupungua kwa mwendo maalumu, nusu yake ikiondoka katika miaka 5,730 hivi. Mkaa wa jiko la kale hupimwa ikajulikana mti ulikufa lini. Vipimo vya Engaruka kwa jumla vinaangukia baina ya karne ya 15 na ya 18. Ila mkaa ni shahidi wa nafsi yake tu: unaeleza wakati wa kuni, si wakati wa ukuta. Ndiyo maana shahidi huyu hakubaliwi mpaka ijulikane alikutwa tabaka gani la udongo, na kama tabaka hilo halikuvurugwa, mfano wa msimulizi anayeulizwa amepokea kwa nani. Kwa mifereji na majaruba kazi ni ngumu zaidi. Daryl Stump, aliyechimba hapo miaka ya 2000, aliangalia ukuta upi umepanda juu ya upi, akabainisha kwamba mashamba hayakupangwa kwa mpigo mmoja bali yaliongezwa kidogo kidogo. Alionyesha pia kwamba baadhi ya majaruba yalijengwa ili kuutega udongo ulioletwa na maji, hata wakulima wakajitengenezea ardhi pasipokuwa na ardhi nzuri.

Nani walikuwa watu hawa? Wapo wanaowanasibisha na Wairaqw wa Mbulu, wenye sifa ya kilimo cha samadi milimani, na wapo wanaowanasibisha na Wasonjo, yaani Batemi, walioko kaskazini zaidi. Sisi tunaona mfano wa Wasonjo una faida hata kama nasaba haikuthibiti, kwa sababu bado wanamwagilia kwa mifereji, na maji yao yalikuwa chini ya wazee wa kurithi waitwao wenamiji, wanaopanga nani achukue maji na saa ngapi. Mfereji wa pamoja hauishi bila hukumu ya namna hiyo. Katika aflaji za Oman, hisa ya maji hupimwa kwa muda wa takriban nusu saa uitwao athar, neno lilelile ambalo Waarabu hulitumia kwa mabaki ya kale. Na mafakihi wetu wana mlango wake: katika maji ya kijito kisichomilikiwa na mtu, wa juu huanza, akishatosheka humwachia wa chini. Hatujui watu wa Engaruka walihukumu vipi, lakini mawe yao yanaonyesha kwamba walihukumu.

Kuhusu kuhamwa kwake, iliyoenea ni kwamba Wamasai waliwafukuza. Huenda kuja kwao kulizidisha taabu. Lakini vijito kadhaa vilivyolisha mifereji ile leo vimekauka au hutiririka wakati wa mvua tu, na mto Engaruka peke yake ndio usiokatika. Sutton aliipa nguvu rai ya kupungua maji pamoja na kuchoka kwa udongo, nasi tunaelekea huko: wakulima wenye maji huwa na sababu ya kurudi baada ya vita, wasio na maji hawana.

Katika madhehebu ya Shafi, ardhi yenye athari za makazi ya kabla ya Uislamu isiyojulikana mwenyewe, kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba yafaa kuihuisha na kuimiliki. Abu Hanifa alishurutisha idhini ya mtawala. Kwetu idhini hiyo ina sheria yake: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na Engaruka yote imo humo. Jambo hili si la nadharia tu. Watu wanalima tena kwa maji ya mto uleule, na jembe likifika kwenye mistari ya mawe, mkulima huyaona ni kizuizi, huyakusanya kando au huyajengea. Jiwe lililohamishwa halitaji tena lilikuwa juu ya ukuta upi.