Wageni Wasimame

Katika milima ya Usambara, upande ulio chini ya wilaya ya Korogwe, iko kata iitwayo Mpale, ambayo msafiri huifikia kwa kuiacha nchi tambarare ya mkonge na reli na kupanda hadi kwenye ubaridi wa migomba. Na ng'ambo ya bonde, kuvuka mto Ruvu ambao watu wa pwani huuita Pangani, iko Handeni, nchi ya Wazigua. Wasambaa wa juu na Wazigua wa chini ni majirani wa tangu na tangu: wameoana, wameuziana nafaka wakati wa njaa, wamepigana na kupatana, hata ni nadra kukuta ukoo wa upande mmoja usio na shangazi au mjomba upande wa pili. Nia yangu leo ni kueleza habari za kanisa katika nchi hiyo, lakini itanilazimu nianze na mtu aliyekataliwa kwao, ambaye hakupata kuliona kanisa.

Mtu huyo ni Mbegha. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, mwandishi Mwislamu aliyeishi na watawala wa Usambaa na kuzijua siri zao, alisimulia katika kitabu chake, Habari za Wakilindi, kwamba Mbegha alizaliwa Ngulu akawa kigego, yaani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, ambaye kwa mila za zama zile alihesabiwa kuwa nuksi juu ya jamaa yake. Ndugu zake wakamnyima urithi, naye akashika njia na mbwa wake na mikuki yake, akazunguka huku na huku, mwisho akavuka Ruvu akapanda milima. Wasambaa waliyatazama matendo yake, wala habari za meno yake hazikuwashughulisha. Waliona kwamba mgeni huyu huwaua nguruwe waharibifu wa mashamba, kisha huwagawia watu nyama bila choyo, nao wakamlipa kwa chakula, wakamwoza, na hatimaye wakamtawaza kuwa mfalme wao huko Vuga. Na hapa pana jambo linifurahishalo kila nikilikumbuka: kitabu hicho cha Mwislamu kilipigwa chapa kwa mtambo wa misheni ya Kianglikana pale Msalabani, Magila, ambako wamisionari walikuwa wamepata makazi katika miaka ya 1860 kwa ridhaa ya watawala wa Vuga. Kanisa la kwanza la nchi ile, basi, lilikaribishwa na kizazi cha mtu ambaye mwenyewe alikuwa mgeni aliyekaribishwa.

Sidai kwamba mzee wa kanisa, asimamapo siku ya Jumapili baada ya matangazo na kusema, "Wageni wasimame," humkumbuka Mbegha. Lakini desturi hiyo, ambayo makanisa ya mijini siku hizi huipitia mbiombio kama kodi inayodaiwa, vijijini ni sehemu ya ibada hasa. Mgeni husimama, hutaja jina lake, ukoo wake na atokako, hutoa salamu za usharika uliomtuma hata kama haukumtuma, na kabla hajaketi atasikia sauti ya bibi fulani ikiuliza kutoka safu za nyuma kama yeye si mtoto wa fulani wa Handeni, yule aliyeoa kwao fulani. Aghalabu ndiye. Na akiwa siye, atatafutiwa udugu mpaka apatikane nao, maadamu hakuna anayeruhusiwa kutoka pale akiwa mtu wa hivi hivi tu.

Ibada ikisha, watu hutoka kwa mstari. Wa kwanza hupeana mkono na mchungaji akasimama kando yake, wa pili huwapa mkono wote wawili akasimama kando yao, na hivyo hivyo, hata duara linapokamilika uani kila mtu amekwisha kumshika mkono kila mtu, mkongwe wa fimbo na mtoto aliyefundishwa juzi kusema shikamoo. Mimi sijui mpango mwingine ulio mwepesi kuliko huo wa kuzuia watu wawili wenye ugomvi wasikwepane. Ndipo huja mnada. Sadaka zilizoletwa madhabahuni kwa jinsi ya mazao, yaani mayai, jogoo aliyefungwa miguu, mkungu wa ndizi, miwa, maharage katika kisonjo, hunadiwa pale pale uani, na mnadi akiwa mcheshi watu huchekeshwa mpaka hutoa walichokusudia kukificha. Nyanya aliyeleta yai moja hulitazama likipanda bei kupita kuku. Kijana aliyerudi likizo kutoka Dar es Salaam hushindana na mjomba wake kwa ajili ya mkungu ambao hawezi hata kuubeba. Naye anayeshinda mara nyingi hakichukui kitu, bali hukitoa hadiya kwa mgeni, au kwa mjane, au kwa yule nyanya mwenyewe, aliyekuja na yai moja akarudi na jogoo. Hesabu ya fedha za mnada huandikwa daftarini, lakini sehemu kubwa ya faida yake haina safu ya kuandikiwa.

Katika vijiji vya milima hii wazee na watoto ni wengi, na walio katikati ni wachache. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905, ikipitia Korogwe, ilileta mashamba ya mkonge. Mashamba yakaleta manamba kutoka nchi za mbali, na baadaye njia ile ile ikawachukua vijana wa milimani kwenda kutafuta riziki Tanga, Arusha na Dar es Salaam. Wajukuu wamebaki kwa bibi na babu. Utani wa jadi, ule wa babu kumwita mjukuu wake "mke wangu" na mjukuu kumcheka babu kwa mapengo yake, umegeuka kuwa malezi kamili, yenye ada za shule, homa za usiku na viatu. Kanisa hapo ni msaada mkubwa, kwa kuwa mtoto huwa na wadhamini waliosimama naye kwenye birika la ubatizo, na mdhamini aliye mwaminifu huulizwa habari za mtoto huyo hadharani.

Msaada mwingine ni Umoja wa Akina Mama wa Kianglikana, ambao watu wengi huudhania kuwa ni jumuiya ya sare na vitenge. Asili yake ni nyingine. Mary Sumner, mke wa kasisi wa Old Alresford huko Uingereza, aliuanzisha mwaka 1876 alipopata mjukuu, akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyoona uzito alipokabidhiwa mzaliwa wake wa kwanza, akatamani wanawake waliokwisha kulea wawe karibu na wanaoanza kulea. Inasimuliwa kwamba siku ya mkutano wa kwanza haya ilimkaba hata asiweze kunena, akawaomba akina mama warudi juma la pili. Jumuiya hiyo iliyoenea ulimwenguni, basi, ilianzishwa na bibi mwenye haya.

Kwa sababu hiyo naona uchungu kidogo, na ninalisema kwa taadhima, nionapo makanisa yetu yakiigawa jamii kwa miaka ya kuzaliwa: watoto hupelekwa chini ya mti kwa Shule ya Jumapili kabla ya somo la kwanza, vijana huwa na ibada yao ya vyombo vya muziki, wazee huachiwa ile ya alfajiri pamoja na baridi yake. Kila kundi limehudumiwa vizuri, na hakuna aliyemwona mwenziwe. Mpale yenyewe si kisiwa. Taa za nguvu ya jua zimekwisha kufika kijijini, na simu zimefika. Hoja yangu si kurudisha giza, ila kuomba kwamba watoto wasiondolewe kabla hawajawasikia babu zao wakiimba kwa sauti zinazopotea njia.

Wala ujamaa huu hauishii mlangoni pa kanisa. Handeni na Korogwe ni nchi ambamo Mwislamu na Mkristo hula sinia moja. John Ramadhani, aliyekuwa askofu wa Zanzibar na Tanga kuanzia 1980 hadi 2000 na Askofu Mkuu wa Waanglikana wa Tanzania tangu 1984 hadi 1998, alichukua jina la mwezi wa saumu mpaka kwenye kiti cha uaskofu, na katika nchi ile hakuna aliyeona ajabu. Penye msiba, bibi Mwislamu huketi mkekani kando ya wakwe zake Wakristo, wengine wakikoroga uji, wengine wakichota maji, na mtoto anayetumwa chumvi hatajua kwa siku nyingi kwamba hao ni watu wa dini mbili.

Basi, msomaji, ukijaliwa kupanda milima ile siku ya Jumapili, fika mapema na uandae salamu za usharika wako, kwa kuwa utasimamishwa. Tena usisahau fedha ndogo ndogo mfukoni: mnada hauchukui muda mrefu, na mayai huanza.