Kwa nini magonjwa ya kazini hayaripotiwi: ajali huonekana, kikohozi hufichika

KIGALI – Fundi seremala akikatwa kidole na msumeno katika karakana za Gakiriro, Gisozi, majirani wote huona damu na habari humfikia mwenye karakana siku hiyo hiyo. Lakini fundi anayevuta vumbi la mbao na mvuke wa vanishi kwa miaka mingi hadi kifua kikachoka, mara nyingi hakuna anayeandika popote kwamba kazi ndiyo iliyomuumiza.

Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) yaliyotolewa mwaka 2023 yanaonyesha kuwa karibu watu milioni 3 hufariki kila mwaka kutokana na kazi. Kati ya hao, milioni 2.6 huuawa na magonjwa, na takriban 330,000 na ajali. Pamoja na hayo, kinachoripotiwa zaidi ni ajali.

Sababu ya kwanza ni muda. Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe, kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi. Saratani inayosababishwa na asbesto huweza kuchukua miaka 20 hadi 40. Aliyechimba bati Rulindo, kaskazini mwa Kigali, huenda leo anauza nguo Nyabugogo, na mwajiri wake wa zamani alishafunga kazi.

Sababu ya pili iko kwenye chumba cha daktari. Katika picha ya eksirei, silikosisi huweza kufanana na kifua kikuu, na tena huongeza hatari ya kuambukizwa kifua kikuu chenyewe. Mgonjwa asipoulizwa amefanya kazi gani na kwa miaka mingapi, atapewa dawa na kurudi kwenye vumbi lile lile.

Tatu ni hofu ya kupoteza kibarua. Anayelipwa kwa siku hana faida ya haraka ya kusema anaumwa. Akilala nyumbani halipwi, na akilalamika nafasi yake huchukuliwa na mwingine.

Nne ni suala la fedha. Nchini Rwanda mwajiri hulipa mchango wa asilimia 2 kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini kwenye Bodi ya Hifadhi ya Jamii (RSSB). Mfanyakazi ambaye hakuandikishwa hutegemea bima ya afya ya jamii, Mutuelle de Santé. Bima hiyo humsaidia kupata matibabu, lakini hairudishi mshahara uliopotea. Hapo ugonjwa huhesabiwa kuwa wa kawaida, na hasara yote hubaki kwa mke, mume na watoto.

Hata hivyo, sheria ipo. Sheria ya kazi Na. 66 ya mwaka 2018 inawagusa hata wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi katika masuala ya afya na usalama kazini, na wakaguzi wa kazi wapo katika wilaya. Tatizo ni kwamba mkaguzi hawezi kufuatilia ugonjwa ambao hakuambiwa.

Kwa wanaofanya kazi za kuvuka mipaka, mambo ni magumu zaidi. Dereva wa lori anaweza kuajiriwa Mombasa, kisha Dar es Salaam, kisha Kigali. Kenya ina sheria yake ya fidia ya mwaka 2007, Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza mwaka 2015, na Rwanda ina RSSB. Mgongo ukiharibika au masikio yakiziba baada ya miaka 20 ya barabarani, swali huwa moja: uliumia ukiwa kwa nani?

Swali hilo hujibiwa kwa karatasi. Inafaa mfanyakazi atunze mikataba na hati za mishahara, na aandike tarehe, kazi aliyofanya, na vumbi au kemikali alizotumia. Kila aendapo hospitali amweleze daktari kazi yake na kuomba iandikwe kwenye faili. Aulize pia kama ameandikishwa RSSB, na atoe taarifa kabla hajaacha kazi. Baada ya kuondoka, ushahidi huwa mgumu kupatikana.